Altezza moja, madereva wawili: mimi na binti yangu. Wenye uzoefu tujadili

Mleta uzi (Dar)

Wakuu, salaam.

Humu nyuzi nyingi za magari zinauliza gari gani la kuanzia. Leo naleta upande wa pili: gari lipo tayari, ni la zamani, lina mbio, na kijana wa nyumbani keshapata leseni. Mnagawanaje?

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, manyuali, gia sita. Kwa wadogo zetu wasioijua vizuri: Altezza ilitoka Japani 1998, huko nje ikauzwa kwa jina la Lexus IS200, na ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu wa 1998–99. RS200 ndiyo yenye injini ya 3S-GE, silinda nne, lita mbili, haina tabo (turbo, ile ya kuisukumia injini hewa), na inatoa nguvu za farasi 210 ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Hapo kwenye mizunguko ndipo penye utamu na shida. Chini ya 4,000 ni gari la kistaarabu kabisa, unaweza kumpeleka bibi kanisani. Ukiivusha hapo inabadilika. Halafu inasukumwa na magurudumu ya nyuma.

Binti yangu ana miaka 20, leseni daraja D, kajifunzia Corolla ya chuo cha udereva. Chuo kimemfundisha kufaulu mtihani. Sina ugomvi nacho, ndiyo kazi yake.

Najua watakaokuja kusema "uza, chukua IST". IST ni gari zuri, tena spea zake zimejaa kila duka. Ila mimi sina uwezo wa kulisha magari mawili, na Altezza siuzi. Kwa hiyo ni hili hili, tutumie wote. Msimamo wangu ni kwamba sifichi funguo. Ila anayeendesha sharti awe miongoni mwa wanaolihudumia, mikono yake ichafuke. Nimeona vijana wengi wanaopewa gari la baba Ijumaa jioni, limeoshwa, lina mafuta, wanalirudisha Jumapili. Hao hawajui tairi lina hali gani wala breki imebaki kiasi gani, na hawana sababu ya kujua.

Watu wakisikia farasi 210 wanawaza spidi tu. Dar hii ya foleni, vibao vya 50 na tochi kila penye mteremko, utakimbilia wapi? Mimi ninachokiogopa zaidi ni mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami ina vumbi na oili ya miezi kadhaa, inakuwa sabuni. Uko katikati ya kipilefti, gia ya pili, unakanyaga mafuta kidogo tu ili umuwahi daladala: nyuma inataka kutangulia mbele. Magari ya siku hizi yana mfumo wa kompyuta unaobana breki ya gurudumu moja moja na kukurudisha kwenye mstari. Marekani waliufanya lazima kwa magari madogo yote kuanzia modeli ya 2012. Altezza yangu haina kitu hicho. Ina ABS (inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu) na mifuko ya hewa, basi. Kazi iliyobaki ni ya miguu ya dereva na matairi.

Ndiyo maana fedha ya kwanza ilikwenda kwenye matairi, kabla sijagusa kitu kingine. Manne mapya, 215/45 R17. Niliyoyatoa yalikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri tu, mtu angeyanunua kwa furaha, lakini yalikuwa yamezeeka. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ukiona 2316, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira ukikaa juani miaka mingi unakauka, haushiki tena lami yenye maji hata kama si kipara. Wauza matairi ya mtumba hawapendi ukiinama kusoma hizo namba.

Baada ya hapo tulikwenda kwenye uwanja mpana wa mtu ninayefahamiana naye, kwa ruhusa yake, mvua ikiwa imenyesha. Nilimwambia akimbize hadi 40 kisha akanyage breki kwa nguvu zake zote, asiachie. Wengi hawajawahi kusikia pedali ya ABS inavyotetemeka mguuni, na wakiisikia mara ya kwanza barabarani wanadhani gari limevunjika, wanaachia breki. Akarudia mpaka akazoea. Halafu tukafanya lile la kuteleza: spidi ndogo, usukani umekatwa, mafuta kidogo zaidi ya inavyotakiwa, nyuma inaondoka. Macho yaangalie unakotaka kwenda, mikono itayafuata. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, usivamie breki. Alizunguka kama pia mara kadhaa, akacheka, kisha akaacha kucheka akaanza kujifunza. Somo hili lingefaa liwe kwenye mtaala wa kila chuo cha udereva nchi hii.

Tulichokubaliana nyumbani: anayeshusha mshale wa mafuta ndiye anayeujaza. Injini ikiwa ya baridi hakuna kuvuka 3,000 hadi kipimo cha joto kifike katikati. Rafiki mmoja tu ndani ya gari kwa sasa. Hili la marafiki ndilo lililoleta kelele kuliko yote, lakini sikulegea. Kijana akiwa peke yake anaendesha kivyake, akijaziwa wenzake wanne na muziki anaendeshea watazamaji. Usiku, baada ya saa nne, ananipigia simu au anachukua bajaji, nalipa mimi. Na faini: siku hizi deni linakaa kwenye namba ya gari, ukiangalia kwenye mfumo wa polisi unaona tarehe na mahali. Kwa hiyo hakuna ubishi, aliyekuwa nalo siku hiyo ndiye mwenye 30,000 yake.

Karibuni. Mnaogawana magari na vijana, hasa haya ya zamani yenye nguvu, mnafanyaje?

Mdau wa Mwanza

Mkuu, uandishi mzuri, lakini umejibu swali kabla hujaliuliza. Umesema mwenyewe gari halina mfumo wa kuzuia kuteleza, linasukuma nyuma, injini inataka kuzungushwa. Halafu unampa binti wa miaka 20? Shirika la Afya Duniani kila mwaka linasema ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Si malaria, si ukimwi. Gari. Mimi wangu nimempa Vitz ya cc 990, akitaka kufa nayo itabidi ajitahidi sana.

Mleta uzi

Mkuu takwimu hiyo ni kweli na ndiyo inayonikosesha usingizi. Ila ndani ya hesabu hiyo wapo wengi sana waendao kwa miguu na wapanda bodaboda. Nikimnyima gari, Dar hii atapanda nini saa mbili usiku akitoka kwenye kazi yake ya muda? Bodaboda. Hapo nimemwokoa na nini?

Kuhusu Vitz sikubishii. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, kwa dereva mpya chagua gari dogo lisilo na nguvu, jipya kadiri mfuko unavyoruhusu. Uzi huu ni wa asiyechagua.

Fundi wa Tabata

Shikamooni wakubwa. Naongea kama fundi, mambo ya malezi nawaachia wenyewe.

Altezza zinazoingia kwangu ugonjwa wao mkubwa ni miguu ya mbele. Boljointi za chini, yaani viungo vinavyoshikilia gurudumu. Zikilegea, mwanzo unasikia kugonga kidogo ukipanda tuta au kupita kwenye rasta, mwenye gari anaongeza sauti ya redio. Siku ikichomoka gurudumu linalala, na hapo haijalishi dereva ana miaka 20 au 60. Msinunue za bei ya kutupa. Afadhali orijino moja kuliko feki tatu. Bushi za mikono ya mbele nazo umri wake umekwisha kwenye gari la miaka 25 hata kama limetembea kilomita chache, mpira haujui kilomita.

Pili, mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini. 3S-GE ni ya mkanda, si cheni. Wengi wananunua gari Japani limeandikwa kilomita 90,000, hawajui mkanda ulibadilishwa lini wala kama ulibadilishwa. Kitabu kinasema kilomita 100,000. Mimi nasema kama huna ushahidi, badilisha siku unayolinunua, pamoja na pampu ya maji na roli zake, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Ukikatika kwenye mizunguko 7,000 hutalia kwa sababu ya mkanda, utalia kwa sababu ya valvu zitakazogongwa na pistoni na kupinda.

Tatu, oili. Injini inayozungushwa juu inakula oili, si ajabu. Ajabu ni mtu kukaa miezi mitatu hajachomoa kijiti cha kupimia.

Mdau wa Birmingham

Nawasalimu kutoka Uingereza. Kijana wangu ana 19, tunagawana Mazda MX-5 ya 2002, viti viwili. Kwa hiyo lile la marafiki wanne limejimaliza lenyewe, ndugu mleta uzi, gari la viti viwili lina hekima yake.

Huku kinachoamua ni bima. Kuna wazazi wanajiandikisha wao kama dereva mkuu na mtoto kama dereva wa ziada, ili bei ishuke, kumbe mtoto ndiye analitumia kila siku. Hiyo huku ni udanganyifu wa bima, na siku ya ajali kampuni inachunguza na kukataa kulipa. Sisi tulimwandika kama alivyo, bei ikauma, tukakubali kifaa kinachorekodi anavyoendesha: spidi, breki za ghafla, saa za usiku. Mwanzoni aliita jela. Sasa ananionyesha alama zake na kuniuliza kwa nini mimi sijiwekei changu.

Pia dereva mpya hapa akikusanya alama 6 za makosa ndani ya miaka 2 ya kwanza, leseni inafutwa, anaanza upya na mitihani yote. Simu mkononi ni alama 6 kwa mpigo mmoja. Hiyo imewatuliza wengi kuliko mahubiri ya baba zao.

Swali: huko Bongo bima inasemaje kuhusu umri wa dereva?

Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Bima ndogo, ile ya kulipa wengine, haina maneno mengi, ni 118,000 kwa gari la binafsi na inafuata gari. Lakini ukigonga ukuta wa mtu, yeye atalipwa, gari lako utaliokota mwenyewe. Bima kubwa ndiyo yenye masharti. Kwanza gari likiwa la zamani kampuni nyingine hazilitaki kabisa kwenye bima kubwa, au zinalithaminisha kwa bei ambayo haitanunua hata injini. Pili, soma ile karatasi ya nyuma yenye maandishi madogo: mara nyingi kuna kipengele kwamba dereva aliye chini ya umri fulani, au mwenye leseni changa, akipata ajali unachangia zaidi kabla hawajalipa chochote. Mimi niliomba waandike jina lake kwenye mkataba, nikachukua nakala yenye muhuri. Mtu wa mauzo akikwambia kwa mdomo "hamna shida bosi", mwambie aandike.

Mdau wa Nairobi

Wacha nichangie kutoka huku. Kwetu Altezza ni chache, ugonjwa wetu ni Subaru. Mimi niko na Impreza WRX, naigawana na mtoto wa dada yangu ambaye tunaishi naye. Tangu Safari Rally irudi kwa kalenda ya dunia 2021, kila kijana anaona barabara ya kwenda Naivasha ni hatua ya mashindano. Ukiangalia kando ya barabara wikendi ya Rally unaona matokeo yake, magari yamelala kwa mtaro.

Niliona afadhali kiu yake niipeleke mahali pake. Kuna mbio ndogo za kupangiwa, koni kwa uwanja, unashindana na saa, kuna gari la wagonjwa na watu wa usalama. Nikamwambia hapo kanyaga mpaka uchoke, mafuta nalipa mimi. Barabarani, ukipatikana unakimbizana na mtu, funguo inarudi na hakuna rufaa. Amekuwa mpole kuliko mimi. Mtu akishajua 100 inafanana na nini hasa, akiwa na kofia ya chuma na mkanda wa pointi nne, hana haja ya kuonyesha mtu kwa Thika Road.

Kwa Subaru niongeze tu: tabo ikitoka kufanya kazi usizime injini hapo hapo. Mpe mjomba dakika moja apumue.

Mdau wa Mwanza

Hapo kwa koni nakubali. Tatizo ni wangapi Bongo wana mahali pa namna hiyo? Wengi "uwanja" wao ni Daraja la Tanzanite usiku wa manane.

Kijana wa Sinza

Wakubwa shikamooni. Mimi ni upande wa pili, miaka 22, nagawana Mark II na baba. Naomba niwatetee wenzangu kidogo.

Mnatuwekea masharti mazuri sana, lakini tumekaa kiti cha nyuma miaka kumi na tano tukiwaangalia. Baba akipita taa nyekundu usiku kwa sababu "hakuna mtu", nimeona. Baba akijibu simu kwenye mteremko, nimeona. Halafu siku nikipata leseni ananipa karatasi ya masharti. Kama rafiki ni mmoja, na yeye siku za harusi asijaze watu sita. Sisemi kwa ubaya.

Mleta uzi

Marahaba kijana. Umepiga panapouma na wengi watapita hapa kimya kimya. Kwangu masharti ya injini na mafuta yanafunga wote wawili. Lile la usiku ni lake peke yake, sitadanganya.

Binti mwenyewe

Shikamooni wazee wa jukwaa. Ndiyo, nimeuona uzi. Baba hakunificha, alinisomea mezani.

Naomba kurekebisha machache. Kwanza, sikuzunguka "mara kadhaa". Nilizunguka mpaka koni zote zikaisha, na moja tuliiokota chini ya gari.

Pili, baba hakuwaambia kwamba kwenye foleni ya Mwenge anakalia klachi. Mguu nusu juu nusu chini, gari linasogea kidogo kidogo, na kwenye kilima analishikilia kwa klachi badala ya handibreki. Nilimwonyesha kwa simu maelezo ya jinsi sahani ya klachi inavyoungua. Akasema amekuwa akiendesha hivyo tangu sijazaliwa. Nikamwambia ndiyo maana klachi imebadilishwa tangu nimezaliwa. Tuliliandika kwenye daftari.

Daftari lenyewe ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kweli. Kila anayeweka mafuta anaandika lita na kilomita. Kila anayesikia mlio mpya anaandika umesikika wapi, gari likiwa la moto au la baridi, ukikata kulia au kushoto. Mwezi uliopita niliandika "kugonga mbele kushoto, kwenye matuta tu, polepole". Baba aliandika chini yake "sisikii". Sasa nimesoma maneno ya fundi hapo juu kuhusu boljointi na redio, nimecheka peke yangu.

Kwa madada wanaoogopa manyuali: haina ukubwa wowote. Wiki mbili unazima zima kwenye taa, watu wanapiga honi, basi. Usiwaangalie.

Jambo moja naomba ushauri. Muhula ukifunguliwa ninarudi chuo Morogoro na nilitaka kwenda na gari. Baba amekaa kimya tangu nimeuliza.

Mdau wa Mwanza

Binti umenifurahisha, lakini Morogoro treni ipo. SGR ya umeme chini ya saa mbili uko stesheni, unalala njia nzima.

Kijana wa Sinza

Dada umeandika kuliko baba 😂

Mleta uzi

Sijakaa kimya, nilikuwa nafikiri.

Ile barabara ni karibu kilomita 200 na si sawa na Barabara ya Bagamoyo. Kuanzia Kibaha hadi Chalinze ni malori mbele na malori nyuma, na ajali nyingi za pale ni za kuovateki. Altezza ina hatari yake hapo: kwa gia ya tano kwenye 80 ukikanyaga haiendi popote, injini iko chini ya nguvu zake. Dereva asiyejua anatoka kwenye mstari wake, anakuta lori halipungui urefu na basi linamjia. Lazima ushushe hadi ya tatu kabla hujatoka, usikie injini imeamka, ndipo uamue. Na nusu ya maamuzi mazuri ni kubaki nyuma ya lori ukapumua moshi.

Kwa hiyo kwenda kukaa nalo chuoni, hapana. Kule litapata marafiki wengi kuliko yeye, kila mtu ataliomba "dakika mbili". Bima ina jina lake na langu tu. Lakini safari ya kwenda tutafanya wote, mchana, yeye akiendesha kuanzia Chalinze, mimi kiti cha pembeni na mdomo nimefunga. Nitarudi nalo mwenyewe. Akija likizo kwa SGR tutaendelea.

Binti mwenyewe

Mdomo umefunga? Naomba na hilo liandikwe kwenye daftari.

Fundi wa Tabata

Mzee, kabla ya Chalinze lete hilo gari nilinyanyue. Dada kaandika kushoto mbele, kwenye matuta, polepole. Hiyo sijaiona bado lakini sitaki kuisikia ikiwa nyuma ya lori. Kama ni boljointi tunabadilisha pande zote mbili, halafu linakwenda kupigwa alaimenti (kunyooshwa magurudumu) siku hiyo hiyo, la sivyo hayo matairi mapya yataliwa upande mmoja kabla ya Krismasi. Jumanne nipo kutwa.

Mleta uzi

Jumanne saa mbili asubuhi. Analileta yeye, mimi nipo kazini. Muonyeshe boljointi ya zamani ukishaitoa.